Kalenzi kangu hakauzwi

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima kibaraza kimekaa bila kufagiliwa, na wawili watatu mmenitumia meseji kuuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha. Ni test tu, zilikuja zimeshikana mikono, na kabla yake kulikuwa na mahafali ambayo yalinipa vikazi vya picha. Leo Jumapili nimefua, nimekula wali maharage wa kafteria, nimekaa zangu kwenye kimbweta kivulini, na nina jambo la kusema.

Jambo lenyewe lilianza Alhamisi. Nimekaa hapa hapa nasubiri kipindi cha saa nane, kamera yangu iko mezani pembeni ya daftari. Akapita kaka mmoja wa mwaka wa pili, namfahamu kwa sura, naye hupiga picha za birthday na mahafali. Akaiokota, akaigeuzageuza, akacheka kidogo.

"Dada, hii si ile EOS M? Uza haraka. Mfumo umeshakufa huu. Mwakani hata ukigawa bure hawachukui."

Halafu akanionyesha ya kwake, imening'inia kifuani na lenzi ndefu kama chupa ya chai. Akasema hiyo ndo kamera. Hii yangu ni ya kupigia picha paka.

Nilimjibu "sawa kaka, nitafikiria," maana ndivyo ninavyofanya nikikasirika. Nimefikiria siku tatu. Jibu ni kwamba siuzi, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu naona wengi hapa chuoni boom likiingia tu wanakimbilia Kariakoo kununua uzito.

Nimtambulishe mhusika kwanza. Ni lenzi ya Canon EF-M 22mm f/2 STM. Ilitoka mwaka 2012, pamoja na kamera ya kwanza ya Canon ya mirolesi, EOS M. (Mirolesi ni zile kamera zilizotolewa kile kioo cha ndani kinachoruka juu ukibonyeza. Nitakirudia hicho kioo.) Lenzi ina gramu 105. Unene wake ni milimita 23.7 tu, nikiifunga kwenye kamera inaonekana kama kifuniko kilichosahaulika. Simu yangu inaizidi uzito. Haina zumu: ukitaka kitu kiwe kikubwa kwenye picha unatembea kukifuata, ukitaka kiwe kidogo unarudi nyuma, na kama nyuma kuna ukuta basi unafikiri upya.

Kamera ninayoitumia nayo ni M100 ya mwaka 2017. Ina gramu 302 pamoja na betri. Ongeza lenzi, unapata gramu 407 kwa mzigo wote. Sasa kuna lenzi ya Sigma, 16mm f/1.4, ambayo yenyewe tu, bila kamera, inakaribia uzito huo huo. Wala siisemi vibaya, ni lenzi tamu na inapitisha mwanga mara mbili ya yangu. Ila mwenye nayo anaiacha hosteli siku nyingi, nimemwona.

Hiyo 22mm kwenye sensa ya Canon ya APS-C unaizidisha kwa 1.6, unapata kama 35mm ya kamera za filamu za zamani. Ni pana, lakini sio upana ule wa kuvuta kuta za chumba mpaka zinapinda. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, picha inameza upana wa mita 2 na kidogo. Shikeni hiyo hesabu, ina kazi mbele.

Kuna swali ambalo nilikuwa najiuliza mwenyewe kabla sijasoma: inakuwaje lenzi pana, yenye tundu kubwa, ikawa nyembamba hivi, wakati lenzi pana za kamera za kawaida ni manundu? Jibu liko kwenye kile kioo. Kwenye DSLR za Canon, kutoka pale lenzi inapofungwa mpaka kwenye sensa ni milimita 44, maana katikati lazima kuwe na nafasi ya kioo kupanda na kushuka. Lenzi ya 22mm kwa tabia yake inataka kukaa karibu na sensa, lakini pale karibu kioo kimepangisha. Wataalamu wakalazimika kupindua mambo: wanaweka mbele vioo vya kutawanya mwanga, nyuma vya kuukusanya, ili picha isukumwe mbali kuliko inavyotaka yenyewe. Kampuni ya Angénieux ya Ufaransa ilitoa lenzi ya namna hiyo mwaka 1950, wakaiita Retrofocus, na jina likabaki kwa aina nzima. Inafanya kazi vizuri, ila ina gharama yake: vioo vingi, mdomo mpana, uzito.

Ondoa kioo, na deni lote hilo linapungua. Kwenye mfumo wa EF-M umbali ni milimita 18 tu. Ndo maana hii yangu ina vipande 7 vya kioo ndani na maisha yanaendelea. Panasonic walishafanya kitu kama hicho mwaka 2009 na lenzi yao ya 20mm f/1.7, gramu 100, watu wakaipenda mpaka leo. Kwa hiyo udogo wa lenzi hizi sio ubahili wa mwenye kiwanda. Ndiyo faida yenyewe ya kuondoa kioo. Kinachonichekesha ni mtu kununua mirolesi kwa sababu "ni nyepesi", halafu anaipachika lenzi ya kilo moja, shingo inamuuma, analalamika.

Haya. Hesabu tumemaliza, nije kwenye kilichonifanya nikasirike Alhamisi.

Siku moja kabla ya mahafali, rumeti wangu wa zamani alirudi. Alimaliza Julai, sasa kaja kuvaa joho, na kwa siku tatu tulikuwa tumembeba chumbani kwetu. Mnajua kubebana kulivyo. Vitanda viwili vya dabo deka, makabati, ndoo, na roho sita zinapumua. Jioni hiyo mama yake akafika kutoka Tukuyu, kashukia stendi ya Mbezi na begi na mfuko wa ndizi na parachichi, akapitishwa kwanza kwetu kumsalimia mwanae kabla hajapelekwa Kimara kwa mdogo wake alikofikia.

Tukamwamkia, tukampisha kitanda cha chini. Hajakaa hata dakika tano, umeme ukakatika. Na hajakaa hata dakika kumi akaona gauni jeupe la mwanae limetundikwa, pindo limefumuka. Hakusema kitu. Alifungua pochi yake, akatoa sindano na uzi, akaomba mwanga. Rumeti akakaa chini sakafuni, akamshikia tochi ya simu. Mama akaanza kushona.

Mimi mgongo wangu uko kwenye kabati. Kutoka pale mpaka kwake haifiki mita 2, na hapakuwa na pa kurudi nyuma isipokuwa niingie ndani ya kabati. Nikainua kamera.

"Mwanangu, usinipige hivi. Nimetoka safarini, sijaoga, na kitenge chenyewe hiki."

Nikaishusha. Nikamtungia uzi wa pili kwa sababu macho yake yalikuwa yanahangaika, tukaongea habari za njiani, basi lilivyosimama Chalinze, mvua za kwao, bei ya viazi. Baadaye kabisa, bila kuniangalia, akasema: "Haya piga basi, mradi usinipeleke huko mitandaoni kwenu."

Nikapiga picha nne. Ndiyo maana hamtaiona hapa hata mkiniomba kwa magoti. Ahadi ni ahadi. Nitawaeleza tu: mama kainamia pindo, mkono wa kulia umevuta uzi hadi juu, uso umepata mwanga wa tochi kutoka chini, na mwanae sakafuni anamtazama mama yake, hatazami gauni. Wote wawili wamo, na ngazi ya kitanda, na joho limening'inia nyuma yao gizani kama mtu wa tatu.

Sasa turudi kwenye hesabu. Nilipiga kwa f/2, sekunde 1/60, ISO 3200. Ningekuwa na ile lenzi ya zumu inayokuja na kamera, ikiwa imefunguka kabisa kwenye upana wake ni f/3.5. Mwanga unaoingia unakuwa theluthi tu. Ningelazimika kushuka hadi 1/20, na kwa 1/20 mkono wa mtu anayevuta uzi ni moshi. Au nipandishe ISO mpaka karibu 10,000, ambapo hii kamera yangu inaanza kumwaga mchanga kwenye picha. Ningekuwa na 50mm ambayo kila mtu anashauriwa anunue kwanza, tundu lake ni zuri, tena linazidi, lakini kwa mita 2 upana wake haufiki hata mita moja. Ningempata mama au mwanae. Na ningewasha flashi, tochi ingekufa, ungebaki na picha ya chumba cha hosteli kichafu.

Kesho yake kulikuwa na mahafali yenyewe. Wapiga picha wamejaa nje kama siafu, na rumeti alilipia mmoja mwenye vifaa vya maana. Picha zake ni nzuri, sitaki kudanganya. Kofia hewani, meno yote nje, nyuma kumelainika kama maziwa. Mimi kwa lenzi yangu nisingezipata zile. Lakini wiki iliyopita rumeti alinipigia simu kutoka nyumbani, na picha aliyoomba nimtumie kubwa ya kuchapisha ni ile ya sindano. Ameitia fremu. Iko ukutani kwao, juu ya redio. Mama mwenyewe, aliyekataa, anawaonyesha wageni.

Hiyo ndiyo hoja yangu, wala sio kwamba ndogo ni bora kuliko kubwa. Ninachosema ni kwamba maisha yetu mengi, sisi watu wa vyumba vidogo na umeme wa kubahatisha, yanatokea usiku, ndani, watu wamebanana. Jikoni kwa mama, ndani ya daladala ya mwisho, kwenye msiba watu wamelala kwenye mikeka, kibandani kwa mama ntilie saa mbili usiku. Mahali pote hapo tatizo ni mwanga na nafasi. Lenzi pana yenye tundu kubwa inatatua yote mawili kwa mpigo, na ikiwa nyembamba inatatua la tatu: inakuwepo. Ile jioni mimi sikuwa nimepanga kupiga picha. Kamera ilikuwa kwenye mkoba kwa sababu inaenea kwenye mkoba, chini ya kanga na mswaki. Msichana anayeshuka Mwenge saa tatu usiku na begi jeusi la kamera mgongoni ni tangazo. Mimi nashuka na kimkoba, sina tangazo.

Kuna watu wanapenda kamera ndogo kwa sababu nyingine, kwamba unaweza kupiga mtu bila kujua. Hapo tunaachana njia. Tena naona wameielewa lenzi kinyume. Kama unataka kumwibia mtu picha, hiyo lenzi ndefu ya yule kaka ndiyo chombo chako: unasimama ng'ambo ya barabara, muuza karanga hana habari, unaondoka na uso wake. Kwa 22mm huwezi. Ili sura ya mtu ijae inavyostahili inabidi uwe karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua, na ukiwa hapo anakuona, anakuuliza, anakukatalia. Mama wa Tukuyu alinikatalia kwa sababu nilikuwa karibu. Ningekuwa mbali na lenzi ndefu asingepata nafasi ya kukataa, na asingepata nafasi ya kubadili mawazo pia. Nakiri kuna siku nyingi nakataliwa moja kwa moja. Pale Ubungo mzee mmoja fundi viatu alinifukuza na kiatu mkononi. Sina picha yake. Alikuwa na haki.

Sasa ubaya wake, maana najua mtaniuliza, na yule kaka akisoma atasema nimeficha.

Fokasi yake inajivuta. Mchana haina shida, lakini kwenye giza inakwenda mbele, inarudi nyuma, inafikiria, na inatoa kasauti ka kukwaruza. Ukirekodi video kwa maikrofoni ya kamera, hicho kikwaruzo nacho kinarekodiwa. Haina kitulizi cha mtikisiko, kwa hiyo mkono ukitetemeka ni wako na Mungu wako. Ukimsogelea mtu sana ili ujaze sura yake, sentimita 40 hivi, pua inatangulia kama inawahi daladala. Hilo sio kosa la kioo, ni kosa la kusogea: pua iko karibu nawe kuliko masikio, basi inakua. Rudi hatua mbili, kata picha baadaye. Na wale wateja wa "dada nataka nyuma pawe na ukungu kabisa", hawatafurahi nayo. Ukungu upo ukisogelea kitu, inafokasi hadi sentimita 15, ua moja kwenye nywele za bibi harusi linatoka vizuri sana, lakini picha ya mtu mzima kuanzia kichwa hadi miguu itabaki na ukuta wake nyuma, na nguo zilizoanikwa juu ya ukuta.

Halafu kuna kumbi. Mwezi wa tisa nilienda Sinza kuonana na kamati ya send-off. Nilibeba albamu, nimevaa vizuri, kamera mkononi. Mwenyekiti wa kamati, baba mtu mzima, akaitazama kamera kabla ya albamu. "Hii ndo kamera yenyewe?" Nikasema ndiyo, baba. Akacheka, wenzake wakacheka, bei ikashushwa nusu palepale, na siku mbili baadaye nikaambiwa wamepata mtu mwingine "mwenye vifaa". Albamu haikufunguliwa. Niliumia, nisiwafiche. Nilirudi hosteli nikalala na viatu.

Lakini nikitulia nawapa haki yao kidogo. Ukumbi ule jukwaa liko mbali. Ukiwa mita 15 kutoka kwa bibi harusi, lenzi yangu inameza upana wa mita 15, ambao ni mapambo, mshereheshaji, spika mbili, na sisimizi mmoja aliyevaa shela. Kwa kazi hiyo ningelazimika kukodi zumu, na nilikuwa nimeshapanga hivyo, ila hakuna aliyeniuliza. Ambacho siwapi haki ni kuipima kamera kwa macho kama mtu anavyopima samaki sokoni.

Tuje kwenye kifo, maana ndiyo silaha kubwa ya yule kaka, na kwa ukweli wa mambo yuko sahihi. Canon walileta mfumo mpya wa RF mwaka 2018. Mwaka 2022 wakatoa R7 na R10, kamera za APS-C za mfumo huo huo mpya, na hapo kila mwenye akili akajua M inaaga. Mwaka 2023 ikaisha kabisa. Na lenzi yangu haihamiki. Lenzi za zamani za DSLR, zile za EF, unaweza kuzivusha kwenye RF kwa adapta, kwa sababu zilizoea umbali wa milimita 44 na adapta inajaza pengo. Yangu imeumbwa kukaa milimita 18 kutoka kwenye sensa, na RF mlango wenyewe uko kwenye 20. Imeshachelewa milimita 2 kabla hujaweka adapta. Milimita mbili tu! Unene wa sarafu, na ndoa haipo.

Kwa hiyo kama una hela mpya mfukoni na unataka kujenga kazi ya miaka kumi, usinisikilize, usinunue EF-M. Canon wana RF 28mm f/2.8 ya mwaka 2023, gramu 120, nyembamba karibu kama yangu, ila kwenye APS-C inakuwa kama 45mm na mwanga wake ni nusu. Wana na 16mm f/2.8, gramu 165, pana zaidi. Ukienda kwa Fujifilm kuna 23mm f/2 ya mwaka 2016, gramu 180, upana ule ule wa kwangu na tundu lile lile. Hiyo ndiyo ningenunua ningekuwa na pesa, na ningeinunua kesho.

Ila sina. Na hapa ndipo yule kaka anakosea. Kamera yangu na lenzi nilizipata kwa laki saba na themanini, zimetumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anakimbia mfumo uliokufa kwa kusikiliza ushauri kama wa yule kaka. Isingekufa, nisingeipata. Pesa yenyewe niliikusanya miezi saba kwa kusuka nywele za watu wa blok yetu na kula mlo mmoja Jumamosi. Nikiuza leo kwa hofu, nitapata labda nusu, na kwa hiyo nusu nitanunua nini? Mwili mtupu wa kamera iliyo hai. Nitakuwa na mfumo wenye uhai na sina cha kupitishia mwanga.

Na kufa kwenyewe ni kufa kwa namna gani? Hakuna lenzi mpya zitakazokuja. Nakubali, lakini mimi nina hii moja, na sijaimaliza. Ikivunjika fundi atapata tabu ya vipuri. Nakubali, naitunza kama yai. Betri nimeshanunua mbili za akiba. Zaidi ya hapo, mwanga wa saa kumi na mbili jioni pale kwa mama ntilie haujapata taarifa kwamba Canon wamebadili mlango. Unaingia tu.

Wanaoanza mniulize kwa nini sisemi mtumie simu. Tumieni. Simu nyingi leo zina lenzi pana yenye tundu la f/1.8 au kubwa zaidi, na mchana sioni ugomvi. Lakini sensa yake ni ndogo mno, usiku inabidi ishone picha nyingi kuwa moja, na mama anayevuta uzi hasubiri zishonwe. Nilijaribu jioni ile ile kwa simu. Vidole vya mama vilitoka sita.

Basi kaka wa mwaka wa pili, kama unapita hapa kibarazani, nina ombi. Jumamosi ijayo kuna kikao cha kamati nyingine, safari hii Kimara, na ukumbi wao ni mrefu. Niazime hiyo chupa yako ya chai kwa siku moja. Nami nitakuachia kalenzi kangu na kamera yake, ukae nako Jumamosi usiku chumbani kwenu umeme ukikatika. Nakupata kwenye vimbweta Jumatano baada ya saa nane. Chaja uje nayo, maana soketi za blok yetu mnazijua.

Betri ya laptopu imebaki asilimia 9, na kesho kipindi ni saa moja asubuhi, sijagusa hata ukurasa mmoja. Naenda.